Sauti Ipite Kwanza

Miaka ile ya soko huria, msimu wa pamba ukifika, Bariadi ilikuwa inageuka nyeupe. Malori ya wanunuzi binafsi yalipita yamejazwa kupita kiasi, yakitokea Nkololo na Mwamapalala, na nyuzi za pamba zikabaki zinaning'inia kwenye michongoma na kwenye nyaya za umeme. Mchana, joto likizidi, nilikuwa nakaa mlangoni mwa kibanda changu cha intaneti nikiziangalia zikielea. Kuna siku nilikuwa sijui kama niko macho au naota.

Kibanda kilikuwa na kompyuta chache, feni moja yenye kelele, na dishi kubwa juu ya bati. Dishi hilo ndilo lilikuwa njia yetu ya pekee ya kwenda duniani na kurudi. Kila mtu alipita humo humo: makarani wa pamba waliotuma mafaili yao mazito Mwanza, vijana waliokuwa wanashusha muziki, mwalimu aliyekuwa anatafuta chuo. Mimi nilijifunzia kazi Mwanza, nikarudi nyumbani na kiburi changu chote. Nilikuwa na mdomo, nakiri, na wateja walinizoea hivyo.

Kaka yangu alikuwa Ulaya, kwenye baridi, anasoma. Mama alikuwa Nkololo, na mama alikuwa ameamini kwamba mwanawe amekufa.

Alianza kwa kuota. Alimwona kaka amesimama kwenye mlango wa zizi, ng'ombe wanampita huku na huku, na hasalimii. Kwetu mtu anayekuja nyumbani asisalimie, huyo si mgeni wa heri. Mama aliamka akalia, na baba zangu wadogo wakasema ndoto hiyo ina maana yake. Nilichapisha barua pepe za kaka nikampelekea, nikamsomea moja moja. Akanisikiliza vizuri kabisa, halafu akasema, "Mwanangu, karatasi anaandika yeyote." Simu za mkononi zilikuwa zimeanza kuingia mjini, lakini ukipiga Ulaya vocha ilimezwa kabla hujamaliza kuulizia hali. Na mama hawezi kuongea na mtu kabla ya kuulizia hali.

Basi wakapanga msiba. Mama anyoe nywele, ng'ombe wa kaka wagawanywe, yaishe. Jamani! Kwenye ukoo wetu mama akishanyoa kwa ajili ya mtoto, mtoto huyo ni marehemu. Hata angerudi kwa miguu yake mwenyewe, watoto wangemkimbia na wakubwa wasingemkabidhi hata kamba ya ndama. Nilimwomba mama jambo moja tu: kabla hajanyoa, aje mjini amsikie.

Alikuja. Nikamvalisha vile vipokea sauti vya masikioni juu ya kitenge alichojifunga kichwani, nikampigia kaka kupitia intaneti. Kilichotoka humo sitakisahau. Sauti ya kaka ilikuja imekatwakatwa, nusu neno, kimya, nusu neno jingine, halafu mlio kama wa bati linalokwaruzwa. Mama alivivua vile vitu taratibu akaviweka mezani. "Huyo si mwanangu," akasema. "Hicho ni kitu kinachomwigiza." Akarudi Nkololo jioni ile ile. Msiba ulikuwa umewekwa wiki inayofuata.

Nilikasirika mpaka nikawafukuza vijana wa muziki. Halafu nikampigia fundi mmoja wa Mwanza niliyesoma naye, nikamweleza huku nalia. Akaniacha nimalize kulia, akasema, "Sasa nisikilize. Njia yenu haijaharibika. Imejaa."

Akanikumbusha tuliyofundishwa, ambayo mimi niliyapita haraka haraka. Kila kinachopita kwenye mtandao hukatwa vipande vidogo, pakiti, na vipande vyote hupanga foleni moja. Faili la karani likichelewa kidogo, hakuna atakayejua. Lakini sauti ina haraka. Kipande cha sauti kikichelewa hakina kazi tena, maana neno limeshapita, na ndiyo maana kaka alikuwa anasikika vipande vipande. Ruta yangu, kile kisanduku kinachogawa intaneti kwa kompyuta zote, ilikuwa na uwezo wa kuvitambua vipande vya sauti na kuvipitisha mbele ya vingine vyote. Sikuwa nimewahi kuuwasha.

Nikauwasha. Nikampigia kaka kujaribu, kibanda kimejaa watu. Yeye akanisikia vizuri, akacheka kwa furaha. Mimi sikumsikia vizuri. Kicheko chake kilifika kimevunjika vile vile.

Nilikaa pale nimeduwaa, nyuzi za pamba zinaingia mlangoni. Ruta yangu ilikuwa inapanga foleni ya kutoka tu. Foleni ya kuingia ilijipanga mbali, kwa wenye setilaiti, na huko mimi sina mkono. Mtu ataamrishaje foleni asiyoiona?

Jibu lilinijia kwa kukumbuka visima. Kiangazi tulikuwa tunachimba visima kwenye mchanga wa mto Simiyu uliokauka, tunawanywesha ng'ombe kwenye hori. Wenye ndama walitangulia. Lakini baba hakuwa anapiga kelele pale horini, kwa sababu kundi likishafika horini huwezi tena kulipanga, linakanyagana na maji yanatibuka. Alikuwa analizuia mbali, kwenye ukingo, analiachia kidogo kidogo. Nikaelewa. Kama wateja wangu wataagiza vitu vichache zaidi, kule juu hakutakuwa na foleni yoyote, na sauti ya kaka itapita bila kugombana na mtu. Nikakaa kwenye ruta nikawabana wote: muziki, picha, mafaili, kila kimoja nikakipa kinjia chembamba.

Nikapanda baiskeli mpaka Nkololo kumfuata mama. Baba mdogo alikuwa ameshanoa wembe. Nikamwambia, "Baba mdogo, wembe hauozi. Tupe leo tu." Akanitazama sana, akasema, "Haya, nendeni."

Mchana ule karani mmoja wa pamba alinijia juu. "Dada, intaneti yako imekuwa kinyonga! Faili langu lina haraka."

"Faili lako litafika," nikamwambia. "Kaa utulie, leo kuna mtu anangoja kuzikwa."

Akaona uso wa mama, akakaa.

Nikapiga. Mama alikuwa amekaa wima, mikono mapajani, macho yamefumbwa. Nilikuwa nasikiliza naye kwa vipokea sauti vingine. Akasalimia kwa kilugha chetu, kama anavyomsalimia mtu mlangoni.

"Mwadila."

Kimya.

Najua kimya kile kilikuwa nini. Neno lilipanda mbinguni kwenye setilaiti, likashuka Ulaya, na jibu likapanda tena na kushuka tena. Safari hiyo hakuna ruta inayoweza kuifupisha, upange foleni usipange. Kwa mama kilikuwa kimya kile kile cha mlango wa zizi.

"Mwadila, mayu," ikaja sauti ikimwita mama, nzima, ya karibu, na mafua yake yote.

"Mhola?" mama akaulizia hali.

Kimya tena.

"Mhola, mayu."

Mama akafumbua macho. Machozi yakaanza kumtoka huku anacheka. "Ni yeye," akaniambia. "Mvivu wa kujibu salamu! Tangu mdogo nilikuwa namchapa kwa hilo, asalimiwe leo ajibu kesho. Ni mwanangu huyu, yu hai." Akaulizia baridi, chakula, usingizi, na kila alipouliza alikaa akingoja, ametulia, anafurahia kucheleweshwa. Karani wa pamba alikuwa anafuta macho.

Hakunyoa. Sikumwambia kwamba kila mtu aliyepitia dishi langu alichelewa vile vile.

Miaka ilipita, dishi likashushwa, nyaya mpya zikafika Bariadi. Kaka alikuwa amepata kazi huko na alikuwa bado hajarudi. Nikampeleka mama simu mpya, sauti safi kama mtu yuko chumba cha pili. Mama akasema, "Mwadila," na kaka akajibu papo hapo.

Mama aliishusha simu akaitazama.

"Nani huyu?" akaniuliza.

Nikaichukua, nikatoka nayo uani, nikamnong'oneza kaka maneno machache. Nikarudi nikamwekea mama sikioni. Akasalimia tena, polepole, kwa woga.

Kule mbali kaka yangu, mtu mzima mwenye mvi, akanyamaza kidogo kwanza.