Mkutano Katika Darasa la Mabati

Binti yangu na binti wa jirani yangu walianza shule siku moja, katika shule ya msingi ya serikali iliyo karibu na kwetu Shella. Jirani huyo alitoka mashambani Ganze na mumewe, wakapanga chumba nyuma ya nyumba yetu. Yeye akishona nguo, mimi nikipika mahamri ya kuuza. Kila asubuhi wasichana wetu walitoka wameshikana mikono, mmoja na mtandio mweupe, mwenzake nywele zimesukwa mistari. Nikiikumbuka miaka ile, hilo ndilo linalonijia kwanza.

Walipoingia darasa la nne wakatenganishwa. Wangu aliwekwa mkondo wa kwanza, kwenye jengo la mawe lenye madirisha makubwa. Wa jirani akapelekwa mkondo wa tatu, kwenye chumba cha mabati nyuma ya vyoo. Mwalimu mkuu alisema wamegawanywa kwa alama. Niliamini, au niseme nilipenda kuamini. Mwanangu alikuwa upande mzuri, nami sikuwa na haja ya kuuliza.

Alasiri moja jirani aliingia uani kwangu na ripoti ya mwanawe mkononi.

"Dada, nisomee hii. Mimi niliacha shule mapema, naona namba tu."

Nikatoa ya mwanangu, nikaziweka pamoja mkekani. Binti yake alimpita wangu kwa hesabu, kwa sayansi, hata kwa Kiswahili, lugha tunayojisifu kwamba tumezaliwa nayo. Nikazisoma tena toka juu.

"Mbona husemi?"

"Mwanao amemshinda mwanangu."

Hakufurahi. Akauliza polepole, "Basi kwa nini yeye yuko kule?"

Jibu tulilijua sote wawili. Kule mabatini walijazwa watoto waliohamia kutoka mashambani, wale ambao wakisisimka huponyokwa na neno la Kigiriama. Mwalimu mmoja alikuwa amewaambia wazi kwamba watawachelewesha wenzao. Niliona haya. Mwaka ulikuwa umekaribia kwisha na mimi sijauliza kitu.

Tangu siku hiyo, nikimaliza kuuza mahamri, tulikuwa tukitoka pamoja nyumba kwa nyumba, mimi na baibui langu, yeye na leso zake. Penye wenyeji wa mji nilitangulia mimi. Penye watu wa kwao alitangulia yeye, na maamkizi yao yalikuwa marefu hata nikaanza kuyajua. Tuliomba jambo moja tu: tuonyesheni ripoti ya mtoto, tulinganishe mikondo. Wengi walitukaribisha. Shangazi yangu mwenyewe alitufukuza.

"Unataka wajukuu wangu wachanganywe na wasiojua kusema?"

"Shangazi, huyo asiyejua kusema ndiye wa kwanza kwa Kiswahili."

"Nenda zako!" Hakunisemesha mpaka Idi.

Siku ya mkutano wa wazazi, viti vilipangwa katika jengo la mawe. Sisi tukaenda kuketi mabatini, kwenye madawati ya watoto, magoti yakigusa videvu. Mama wengine walikuja na watoto wachanga. Saa sita mchana mwalimu mkuu akatufuata.

"Mkutano ni kule, akina mama."

Jirani yangu akasimama. Sauti ilimtetemeka. "Shikamoo, mwalimu. Sisi tumekaa wanapokaa watoto wetu. Karibu ndani."

Aliingia, na wanakamati nyuma yake. Nikaanza kusoma ripoti walizotuazima wazazi, moja ya huku, moja ya kule. Sikuwa nimefika nusu, mashati yao yalikuwa yameshawaganda mgongoni kwa jasho. Mzee mmoja wa kamati akavua kofia.

"Watoto wanashinda humu kutwa?"

"Kila siku, baba," jirani akajibu.

Hatukupewa jibu siku ile. Ilibidi tuandike barua kwa ofisi ya elimu Kilifi, na tulipoona kimya, tukaenda wenyewe. Muhula wa kwanza wa mwaka uliofuata watoto wakachanganywa, na mikondo ikawa inapokezana chumba cha mabati. Mwanangu alirudi wiki ya kwanza shingo imejaa vipele vya joto.

"Mama, ni wewe umetuletea haya," akaniambia, analia.

Nilimpaka poda. Wazazi wengine walihamishia watoto wao shule za kulipia. Waliobaki walilalamikia joto kwa sauti kubwa kuliko sisi, na mwaka haukwisha kabla ya darasa la mawe kujengwa. Liliniuma hilo. Joto lilikuwa lile lile walipokuwa wakiungua watoto wa Ganze peke yao.

Sasa wasichana wetu ni wanawali. Jirani amehamia Mtwapa, ana cherehani tatu na wanagenzi wake. Husema nami kwa simu, lakini simu haitoshi. Natamani zile alasiri, tumerudi miguu imejaa vumbi, tumevua viatu uani, yeye akimwiga mwalimu mkuu alivyokuwa akijifuta jasho, mimi nikicheka hata chai inanimwagikia. Tulikuwa na hofu nyingi siku zile, lakini sijapata tena rafiki wa kuogopa naye namna ile.