Fainali ya Saa Mbili Asubuhi

Juzi, katika ofisi ya michezo mjini Nyeri, niliwakuta makocha wawili wakibishana kuhusu fainali ya Jumamosi. Ilikuwa imepangwa saa kumi jioni, na timu isiyofika ingepoteza kombe.

"Huu ni mwezi wa Ramadhani," alisema kocha wa Majengo, akishika kofia yake. "Saa kumi vijana wangu wamekauka."

"Na saa kumi sisi tunakamua," alijibu wa Mukurweini. "Ng'ombe haiwezi ngoja refa."

Afisa wa michezo, aliyekuwa akiandika ratiba, akaweka kalamu chini. Wa Mukurweini akajikuna kidevu.

"Kwani daku mnakula saa ngapi?"

"Saa kumi alfajiri."

"Hata sisi hiyo saa tuko kwa ng'ombe. Basi tucheze saa mbili asubuhi. Lakini mkishindwa, msiseme ati ni njaa."

"Na nyinyi msisingizie ng'ombe, ndugu yangu."

Vyama vyetu vingi huvunjika kwa kukosa swali dogo kama lile la daku. Hawa walipeana mikono.

Afisa ndiye aliyebaki na shida. Aliuliza kwa upole kama saa nne haingefaa, maana Jumamosi yeye hulala. Makocha wakamsogezea kalamu yake, naye akaandika saa mbili.