Maganda ya Machungwa Kibarazani

Mama alikuwa akifuga tilapia nyuma ya nyumba yetu Waithaka, katika bwawa alilolichimba na vibarua wawili na kulitandika nailoni nyeusi. Msimu mmoja samaki walianza kuota vidonda, na afisa wa uvuvi akamfundisha jambo ambalo mimi nililicheka: maganda ya machungwa. Yakaushwe mpaka yavunjike mkononi, yatwangwe, yachekechwe, kisha unga wake kidogo tu uchanganywe na chakula, samaki wapate nguvu ya kuhimili magonjwa.

Kidogo hicho mama hakukipima kwa mizani. Alitumia kiganja, vilevile alivyotia chumvi kwenye mboga maisha yake yote bila kuonja. Baada ya miezi michache samaki walichangamka, na majirani wakaanza kuja kujifunza. Mama akawa mwalimu, tena mwalimu wa madaha, anayekushika mkono na kukuonyesha unga uishie wapi kwenye kiganja.

Kazi yangu ilikuwa kuleta maganda. Karibu na ofisi yetu mjini kuna mzee wa Pwani anayeuza sharubati. Aliniwekea maganda kwenye gunia safi, akakataa kabisa yachanganywe na taka nyingine, kwa heshima ya mama ambaye hakuwahi kumwona. Niliyaanika kwenye shuka kibarazani kwangu Kileleshwa, ghorofa ya tano, kwa sababu kibaraza hicho kilipata jua la mchana kutwa, na uwanja wa mama una kuku. Jumamosi nilimpelekea yakiwa makavu.

Siku moja nikiwa kazini, picha ya kibaraza changu ikatokea kwenye kundi la wapangaji la WhatsApp. Ilipigwa kutoka chini. Chini yake mtu aliandika, "Kuna mtu anaanika takataka huku juu. Hii ni estate, si soko."

Watu wakacheka kwa vile vikatuni vya kucheka hadi machozi. Ningeweza kuandika kwamba ni chakula cha samaki wa mama yangu, mambo yakaisha. Nami nikaweka kicheko changu, cha machozi vilevile, ili wasijue ni mimi. Mpaka leo nikikumbuka kile kikatuni natamani ardhi inimeze.

Niliporudi nyumbani niliyazoa maganda yakiwa bado na unyevu, nikayashindilia kwenye ndoo yenye kifuniko chini ya sinki. Kwa wiki mbili niliendelea kuongeza humo humo. Nilipofunua, yalikuwa yameota ukungu, mweupe juu na wa kijani chini. Mtu mwenye akili angeyatupa. Lakini ningeyatupa, mama angeuliza kwa nini, na ningelazimika kumwambia kwamba nimeyaonea haya maganda yake mbele ya watu nisiowajua hata kwa majina. Nikayapangusa kwa brashi na kuyachoma kwenye oveni mpaka yakakauka. Yakanukia vizuri. Nikajiona mjanja.

Mama aliinua ganda moja, akalinusa, akasema rangi imekolea.

"Haya yalikauka na jua?"

"Ndiyo, mama. Jua lilikuwa kali."

Akayatwanga.

Baada ya siku chache samaki walianza kususia chakula, kisha wakaanza kuelea, wachache kila asubuhi, mpaka bwawa likabaki tupu. Mama aliwaopoa mwenyewe kwa wavu na kuwafukia kando ya ua. Aliniambia kwenye simu, kwa sauti ya chini, kwamba ni yeye, lazima mkono wake ulizidisha. Alisubiri nimkatalie.

Nikasema, "Huenda."

Hakununua vifaranga vya samaki tena. Bwawa alilijaza udongo, akapanda nduma. Mzee wa sharubati alipoulizia samaki, nilimwambia mama ameamua kupumzika, kisha nikawa napitia barabara nyingine kwenda ofisini, mtu mzima na tai shingoni, namkwepa mzee aliyenitunzia maganda.

Nyumbani kwake niliona mama amenunua kijiko kidogo cha chumvi. Alipima, akarudisha, akapima tena, halafu akaniita nionje. Nilidhani ni uzee.

Mwezi uliopita alikuja mama mmoja wa kanisani kwake, anayeishi Mountain View, akitaka kuanza ufugaji wa samaki. Mama alimweleza kila kitu, kuanzia nailoni mpaka maganda, na kwa muda alikuwa yule mwalimu wa zamani. Kisha akakunjua kiganja mezani, karibu na sahani ya nduma.

"Lakini hiyo unga upime na mizani," alisema. "Usifanye kama mimi. Mkono yangu iliua samaki wote."

Niliirudisha nduma sahanini. Mgeni alipoondoka nilimwambia mama yote: picha, kicheko, ndoo, oveni, na lile neno langu la kwenye simu. Nilitaka anigombeze. Ningepumua kama angenigombeza. Alisikiliza mpaka mwisho, akiugeuzageuza mkono wake wa kulia mapajani.

"Kwa hivyo sikuzidisha."

"Hukuzidisha, mama."

"Miaka tatu," alisema. "Miaka tatu napima chumvi mara mbili."

Akainuka kwenda jikoni kutazama mboga motoni. Nilimfuata, nikasimama mlangoni. Sukuma wiki ilikuwa imeshaiva. Alifungua mkebe wa chumvi, akaingiza vidole, akachota, mkono ukasimama juu ya sufuria. Kisha akairudisha chumvi mkebeni na kuchukua kijiko.