Gauni Lililorudi

Fundi cherehani aliyeitwa Mama Pini, kwa pini alizobana midomoni mchana kutwa, alikuwa na adabu yake. Zipu ya mteja ikigoma, hasemi umenenepa. Husema, "Nguo imerudi, dada yangu. Vitambaa vya siku hizi!" Kisha huachia mishono.

Yeye mwenyewe alishinda na magauni mawili yaliyopauka mpaka maua hayajulikani. Kabatini, ndani ya mfuko wa nailoni, lilining'inia gauni la kutokea, hariri ya buluu, alilojishonea angali mwari. Kila shughuli ilipokuja alilipapasa, akasema, "Hii ndogo. Lisubiri kubwa."

Kubwa ikaja: binti yake anaolewa. Mama Pini akalijaribu. Zipu ikagoma katikati ya mgongo.

Binti, aliyekulia chini ya cherehani ile, akasema kwa upole, "Limerudi, Mama."

"Litarudi vipi," Mama Pini akafoka, "na halijawahi kutoka?"

Harusi ilikuwa bado wiki nzima. Akaachia mishono, akalivaa, akatoka nalo kwenda kununua vitunguu.