Kidevu cha Mwakilishi wa Usalama

Katika karakana yangu ya kukata mawe, hapa mjini Larvik, wafanyakazi wamemchagua mwakilishi wa usalama asiye na mchezo na vumbi. Kila asubuhi, kabla ya kahawa, hupitisha kidole juu ya meza ya msumeno, hukitazama, kisha hunionyesha. Mikono yake imejaa nyufa, sauti yake ni ya chini, na ndevu zake huzichana kama bwana harusi. Sharti la barakoa tulipatana sisi wawili, baada ya kuvutana sana, maana vumbi la jiwe likishaingia mapafuni halitoki.

Jana tulizipima barakoa zenyewe: unavaa barakoa, unapuliziwa dawa chungu, na ukiionja ujue barakoa inavuja. Yeye alitangulia ili wenzake wasiogope. Mara akakunja uso. "Ni hizo ndevu, mzee, barakoa haishiki!" akacheka Torgeir, fundi wa msumeno. "Miaka yote unatuhubiria, kumbe wewe ndiye unayekula vumbi!" Alitoka, na aliporudi kidevu chake kilikuwa cheupe kama mkate usioiva, naye amekifunika kwa kiganja. Akavaa, akapuliziwa, akatikisa kichwa: hakuna uchungu. Torgeir hakucheka tena. Kisha mwakilishi akanigeukia mimi, ninayepita karakanani kila siku na ndevu zangu hadi kifuani, akaninyooshea wembe. "Zamu yako, bosi."

Katika biashara sikubali bei ya kwanza. Safari hii niliinamisha uso, nikaomba sabuni.