Mama Mpya

Juzi mwanangu alifungua kompyuta yake, na harufu ya vumbi lililoungua ikanirudisha sebuleni kwetu, Mji wa Kale.

Alasiri ile nilikuwa nyuma ya pazia. Fundi wa kompyuta alimwambia baba, "Huyu mama hafai tena, Bwana Ali. Nikutilie mama mpya. Huna haja ya kuanza upya, vyote vya ndani vitabaki vile vile."

"Tia," baba akajibu, upesi mno.

Nilikimbilia jikoni. Mama alikuwa akikuna nazi, hana habari. Nikamganda hadi Magharibi, nikimshuku kila mwanamke aliyepiga hodi.

Sasa najua ni bodi kubwa ya kompyuta ndiyo mafundi waliyoiita mama. Ilibadilishwa, na hakikupotea kitu.

Mama yetu alibadilishwa baadaye. Hakuna kilichobaki vile vile.