Maharage Ndani ya Tenga la Chuo

Siku ya kwanza kazini sikuoneshwa hata pa kuweka kanga yangu. Mpishi mkuu wa chuo cha ualimu, huku kwetu Mbozi, alinipa mwiko mrefu kunizidi akasema, "Songa." Nikasonga ugali wa wanachuo mpaka mabega yakalia. Shule niliishia darasa la nne, lakini nikisema nilifanya kazi chuoni, msicheke. Nilifanya.

Tulipikia kuni. Lori lilizileta kutoka milima ya Ileje, na lisipokuja tulikata miti nyuma ya mabweni. Sheria ya jikoni ilikuwa moja: ukipita kwenye sufuria, funua, koroga. Asiyefunua alionekana mvivu. Hata Mkuu wa Chuo, kila mchana kabla ya kengele, alikuja kufunua na kuonja.

Ndipo akaja Mwalimu Sekela, binti mdogo tu, kufundisha mazingira. Hakutaka wanachuo wakariri ubaoni. Akawaleta jikoni, wakasuka tenga kubwa la mianzi, wakalijaza maganda ya kahawa. Maharage yaliyolowekwa tangu jana yake yakachemshwa kidogo, kisha sufuria ikazikwa ndani ya tenga na kufunikwa kwa gunia la maganda. Yanaiva yenyewe kwa joto lake, bila moto.

"Sharti yasifunuliwe, mama," akaniambia. "Joto likitoka, basi."

Mkuu akaja, akafunua, akaonja. Baada ya muda akarudi, akafunua tena. Mchana maharage yaligonga sahani kama kokoto. Wanachuo wakala ugali kwa chumvi, wakazomea.

Mkuu akamwita Sekela palepale jikoni. "Nakupa kesho tu. Yasipoiva, somo la jikoni limekwisha, na ile miti iliyobaki tunakata."

Yule binti aliingia stoo, nikamsikia akipenga kamasi.

Kesho yake tulipofunika, nikapanda juu ya tenga nikakaa. Uzito ninao.

Mkuu akaja na kijiko chake. "Mama Tumaini, shuka nionje."

"Sishuki, Mkuu."

"Unajua unaongea na nani?"

"Najua, baba. Kengele ikilia, nifukuze. Sasa hivi nimekaa."

Alinitazama, akavuta kiti, naye akakaa. Tukawa hivyo, yeye na kijiko, mimi na joto chini yangu, tukiongea habari za mahindi ya shambani kwake. Kengele ilipolia nikashuka. Akaonja. Akaonja tena, safari hii sahani nzima.

"Sekela," akasema mdomo umejaa, "wa mwaka wa pili nao waje wajifunze."

Somo likabaki, na miti ikabaki. Wanachuo wale leo ni walimu, Isansa, Itumba, mpaka Ikinga ndani huko, na wengine wamepanda cheo, wanafundisha vyuoni.

Mimi nimestaafu, magoti yamegoma. Likizo iliyopita mjukuu wangu Neema, anayesomea ualimu, alikuja na kikapu na maganda ya kahawa.

"Bibi, kaa nikuoneshe kitu. Chuoni tumefundishwa kupika maharage bila moto."

Nikavuta kigoda. Akaeleza tangu mwanzo, polepole, kama anaongea na mtoto wa chekechea, na alieleza vizuri, jamani. Kila aliponyamaza akingoja niulize swali, niliuliza.